Mubilizi Niliompa Baba Mkwe

Mwaka 1948, nikiwa na miaka kumi na sita, ndipo taabu yangu ilipoanza. Kabla ya hapo nililima, nilibeba kuni, nilichota maji bondeni, lakini hiyo ni kazi, si taabu. Taabu ni kuona jambo linaharibika karibu yako, mikono unayo miwili, na hakuna hata mmoja ulioruhusiwa kunyooka.

Nilikuwa mkamwana wa miezi mitano katika nyumba ya wakulima upande wa Nyaishozi. Mume wangu aliondoka baada ya mavuno ya maharage kwenda Kyerwa kwenye machimbo ya bati, kama vijana wengi wa siku zile. Tukabaki watatu: baba mkwe, mama mkwe na mimi. Kisha ikaja habari kutoka Chonyonyo kwamba binti yao mkubwa amejifungua mapacha na hali yake si nzuri. Mama mkwe akajifunga kitambaa kichwani, akajitwika kapu la maharage, akasimama mlangoni kunipa maagizo.

"Nakuachia mzee. Chakula asikisubiri."

"Ndiyo, mama."

"Na mipaka unaijua."

"Naijua, mama."

"Unaijua kwa mdomo. Usije ukaniaibisha nyumba ikiwa haina mtu."

Akaenda zake. Nikabaki na mipaka.

Mipaka yenyewe ni hii, kwa wasioijua. Kwetu siku zile mkamwana na baba mkwe hawakutazamana. Akija njiani, mimi naingia kwenye migomba na kumpa mgongo mpaka apite. Jina lake silitaji. Kigoda alichokalia sikikalii. Nyumba ilikuwa msonge wa nyasi, ndani imegawanywa kwa kiambaza cha matete: mbele kuna jiko na mahali pa kufungia mbuzi, nyuma kuna kitanda chake. Nyuma kule sikanyagi, hata nyumba ikiungua. Watu wakiwapo, maneno yake kwangu na yangu kwake yanapitia kwao. Watu wasipokuwapo, yanapitia kwa chochote chenye masikio. Sisi tulikuwa na mbuzi jike mweusi, amefungwa kwenye nguzo.

"Mbuzi," nilisema siku ya kwanza, "chakula kipo."

Kisha sauti ikatoka nyuma ya matete: "Mbuzi, hizo ndizi zimeiva, au ni kama za juzi za kuvunjia meno?"

"Mbuzi, za leo ni laini."

"Mbuzi, mimi na wewe tutaona."

Nikasogeza sahani mpaka kwenye ukingo wa kiambaza, nikatoka nje, naye akaichukua. Wajukuu zangu nikiwasimulia hili wanajigaragaza kwa kicheko. Na sisi tulicheka, kila mmoja upande wake wa matete. Alikuwa mtu wa mzaha yule mzee. Lakini tulilishika. Alikuwa mzee wa kanisa, anakaa benchi la mbele, kabatizwa mtu mzima baada ya kuacha mambo mengi ya zamani mwenyewe kwa hiari yake. Hili hakuliacha. Na mimi nani wa kumwambia aliache?

Jumapili iliyofuata nilikwenda kanisani na wanawake wa jirani. Usiku wa kuamkia siku hiyo upepo ulikuwa umeangusha mgomba mmoja wenye mkungu juu ya mbuni, mti wa kahawa ambao mzee aliupenda kuliko yote. Niliuona asubuhi wakati wa kwenda, umelala juu ya mbuni kama mlevi. Niliporudi nilikuta umekatwa vipande na kuburutwa, na mbuni umenyooshwa kwa fimbo. Yeye alikuwa amerudi kabla yetu. Sikujiuliza kitu. Jioni nilimsikia anaingia. Bakora yake, ambayo kila siku iligonga chini mara moja moja kwa madaha, ilikuwa inagonga kila hatua, kwa uzito. Nikasema moyoni, uzee huo.

Jumanne hakutoka nje. Nikasikia kitanda kinatetemeka.

"Mbuzi," nikasema, "kuna baridi huko?"

"Mbuzi, mwambie ni homa tu. Anipikie uji."

Homa kwetu ni kitu cha kawaida. Inakuja na mvua, inaondoka na mvua, wakati mwingine inaondoka na mtu. Mimi sikuogopa, kwa sababu niliijua dawa. Hapo lazima niseme niliijulia wapi, maana shule sikusoma. Nilikaa kwenye darasa la ubatizo, basi. Kusoma nilijifunza mwenyewe ukubwani kwa kufuatisha kitabu cha nyimbo, kidole kwenye mstari, na nikajua.

Mimi ni mzaliwa wa Kiruruma. Bibi yangu mzaa mama alikuwa mtu wa majani. Hakuwa mganga wa kupiga ramli, hayo aliyacheka. Alijua majani kama mwingine anavyojua ng'ombe wake, na nilitembea nyuma yake tangu niko na meno ya utoto. Jani alilolipenda lilikuwa mubilizi.

Mubilizi si mti wa kujisifu. Ukikua vizuri unampita mtu mrefu kwa urefu wa mkono, basi. Matawi yanaanzia chini, huwezi kusema shina ni hili. Gamba lake ni la kijivujivu, na kijiti kichanga ukikivunja ndani kina moyo mweupe, mwepesi. Jani lina urefu wa kiganja na vidole vyake, limechongoka mbele, na pembeni lina vijino vidogo ambavyo kidole kinaviona kabla ya jicho. Juu ni kijani iliyokolea, chini ni hafifu na kuna manyoya laini kama ya sikio la ndama. Maua ni meupe, madogo madogo, yamesimama kama nywele za brashi, na jua likishuka yananukia mpaka nyuki wanachelewa kwao. Baadaye yanakauka na mbegu inapeperuka na unyoya wake. Lakini nani anasubiri mbegu? Unakata fimbo, unaichomeka mvua zinapoanza, nayo inachipua. Ndiyo sababu tuliupanda mipakani mwa vibanja, mashamba yetu ya migomba: ugomvi wa mpaka ukija, mubilizi unatoa ushahidi. Porini unaota wenyewe kandokando ya vijito, kwenye kingo za misitu, na kwenye mahame ya wafugaji. Ukiukuta umejikusanya nyikani ambako hakuna mtu, chimba kidogo, utaona samadi ya zamani.

Uchungu wake hauna mfano. Ukionja asubuhi, mchana maji bado ni machungu mdomoni.

Bibi alinifundisha hivi. Majani machanga ya juu ni ya tumbo. Yaliyokomaa ni ya homa, yanafikichwa katika maji baridi mpaka povu la kijani litoke, kisha yanachujwa. Mizizi ni ya minyoo, na hiyo hakuniruhusu kuigusa. Kijiti ni mswaki. Wafugaji wanamnywesha ng'ombe aliyezaa na kondo likakataa kutoka. Mwenye mimba hapewi kabisa. Kwa kidonda unaponda majani mabichi, unabandika, unabadilisha asubuhi na jioni, na uanze mapema. Kikishanuka, alisema, mpeleke mtu kwa wenye visu. Na aliyetengeneza dawa lazima aionje mbele ya mgonjwa, ili mgonjwa ajue hakuletewa sumu.

Nikaenda mpakani, nikachuma, nikafikicha, nikachuja kwenye kibuyu kidogo. Nikarudi, nikapiga magoti mbele ya matete.

"Mbuzi, kuna dawa ya homa."

"Mbuzi, muulize, dawa gani?"

"Mubilizi."

"Mbuzi, na ameionja nani?"

Hapo nikakwama. Nimuonjee vipi mbele yake na mbele yake siruhusiwi? Nikafikiri, nikainua kibuyu, nikanywa kwa kelele, nikafyonza kama mtu anayekunywa uji wa moto, nikameza kwa nguvu asikie koo. Uchungu ukanipanda mpaka masikioni, nikakohoa.

Nyuma ya matete nikasikia anacheka, meno yakigongana kwa baridi. "Mbuzi, leo umekunywa vizuri. Lete."

Akanywa. Alfajiri homa ikashuka. Nikamsikia anakoroma, na mimi nikajiona daktari. Nasema kweli, nilijiona mkubwa kuliko bibi.

Jumatano jioni homa ikarudi, tena kwa hasira. Nikampa tena. Ikashuka kidogo, ikapanda. Alhamisi nikachemsha majani, nikasogeza chungu cha mvuke mpaka kwenye ukingo, nikamwambia mbuzi kwamba mwenye homa ajifunike blanketi na chungu. Nikasikia anakisogeza, anaguna. Nikasikia pia kitu kinaburutwa sakafuni juu ya nyasi, kizito, kama gunia. Ulikuwa mguu. Mimi nilidhani ni blanketi.

Mchana huo alikuja mzee jirani, rafiki yake wa siku nyingi. Huyu aliruhusiwa kuingia nyuma, akaingia. Nikakaa nje karibu na ukuta, nikipepeta maharage ambayo yalishapepetwa.

"Unakufa, au unakwepa zamu ya kufagia kanisa?" jirani aliuliza.

"Nakwepa. Nimeambiwa mwaka huu umeiba ufagio."

"Homa?"

"Homa."

"Unakunywa nini?"

"Mkamwana ananinywesha mubilizi. Ameuhamisha mpaka wote tumboni mwangu. Nikipona nitachipua."

Wakacheka, kisha wakazungumza habari za kahawa. Alipotoka nilimfuata mpaka penye migomba, nikapiga magoti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Umemwona mzee?"

"Nimemwona."

"Macho yake yana manjano? Ngozi je? Umemfunua ukamtazama?"

Akanishangaa. "Nimfunue nini? Kwani yeye ni bibi harusi? Kajifunika blanketi mpaka kidevuni, anatetemeka, anatukana. Ni homa. Wewe endelea na majani yako."

Nikaendelea na majani yangu. Ningefanya nini? Bibi alinifundisha kwamba dawa inakuja mwisho. Kwanza unamtazama mtu, ulimi, kucha, macho, mwili wote. Mimi nilikuwa natibu sauti. Nilikuwa natibu kikohozi na kitanda kinachotetemeka.

Ijumaa nikasikia harufu. Kwanza nilidhani ni panya kafia kwenye nyasi za sakafu. Nikatoa nyasi zote za upande wa mbele, nikatandika mpya. Nikamtoa mbuzi, nikamkagua kwato, masikio, kiwele. Mbuzi mzima. Nikarudi ndani na harufu ikawa ipo palepale, tamu, nzito, imekaa. Harufu ile niliijua. Nilishaisikia Kiruruma, kwenye mguu wa mtu aliyeletwa kwa bibi akiwa kachelewa.

Nikapiga magoti.

"Mbuzi," nikasema, "kuna kidonda?"

Nikasikia anavuta blanketi.

"Mbuzi, kama kuna kidonda, mubilizi unabandikwa. Haunywewi. Mbuzi, nisaidie, kidonda kiko wapi?"

Kisha akasema, polepole, bila mzaha: "Mbuzi hana kidonda. Mwambie aende akapike."

Nilisimama pale nimeshika tete la kiambaza. Lilikuwa tete moja tu, jembamba kama kidole, mtoto angelivunja. Ningelisukuma, ningeingia, ningemfunua. Angenitukana, mama mkwe angenirudisha kwetu, watu wangenitungia wimbo. Yote hayo niliyahesabu. Sikuingia.

Watu wananiambia, ulikuwa mtoto. Sikuwa mtoto, nilikuwa mke wa mtu. Wengine wananiambia, ilikuwa mila. Mila ilikuwa ya wote, lakini siku ile pale kwenye matete tulikuwa mimi na mbuzi. Sikuingia, na sina neno la kuongeza.

Nilichofanya ni hiki. Niliponda majani mabichi, kinu kizima, nikayaweka kwenye jani la mgomba, nikayasogeza mpaka ukingoni. Nikamwambia mbuzi, "Haya ni ya kubandika, mahali popote panapouma." Nikatoka nje nikalia kule kwenye mbuni. Niliporudi, mbuzi alikuwa amevuta kamba, amefikia lile jani la mgomba, anayamalizia. Povu la kijani liko kwenye ndevu zake.

Kutoka nyuma sauti ikasema, dhaifu, "Mbuzi kapona."

Huo ulikuwa mzaha wake wa mwisho niliousikia.

Nikakimbia kwa jirani, nikamwambia mke wake: mtu aende Chonyonyo leo hii, amwambie mama mkwe arudi, mzee ananuka. Mke wa jirani akaniziba mdomo kwa kiganja. "Neno gani hilo la kumsema baba mkwe wako!" Lakini mtoto wake mkubwa akaenda. Jirani mwenyewe alikuwa mnadani, hakurudi siku ile.

Mama mkwe akafika Jumamosi kabla ya adhuhuri, miguu ina vumbi mpaka magotini. Hakunisalimu. Alisimama mlangoni, akavuta pumzi, akaenda moja kwa moja nyuma ya matete. Nikasikia blanketi linavutwa. Sikusikia yowe. Nilisikia anasema kwa sauti ya chini kabisa, "Mzee, umefanya nini?"

Akaniita. Akaniita niingie kule! Nikakataa kwa woga, akatoka akanishika mkono, akaniingiza. Ndiyo mara ya kwanza nilimwona baba mkwe wangu. Alikuwa mtu mdogo. Kwa sauti ile nilidhani ni mkubwa.

Mguu wa kulia, nyuma ya muundi, ulikuwa umepasuka jeraha la urefu wa kidole, midomo yake imegeuka, na kuanzia hapo mpaka juu ya goti ngozi ilikuwa imevimba, inang'aa, na rangi yake sitaki kuiandika. Alikuwa amelifunga kwa kipande cha shuka lake la kanisani.

Alimjibu mama mkwe kwa maneno machache. Ilikuwa hivi. Jumapili ile alirudi kutoka kanisani, akauona mbuni wake umelaliwa na mgomba, akashindwa kuvumilia mpaka Jumatatu. Akachukua mundu. Mgomba ukateleza, mundu ukamrudi. Yeye, mzee wa kanisa, ambaye mwezi mmoja kabla alisimama mbele ya watu kumkemea jirani mwingine kwa kulima Jumapili! Angemwonyesha nani jeraha lile? Kila mtu angeuliza umeumia lini, naye uongo hakuuweza. Aliweza kunyamaza tu.

"Tubandike mubilizi," mama mkwe akasema. Akakimbilia mpakani mwenyewe. Tukaponda, tukabandika, mikono yangu ikimshika mguu na yeye akitazama kwenye paa. Nilijua hauwezi. Mubilizi ni jani, si muujiza. Siku ya Jumatatu ungefaa, na pengine hata Jumanne. Tuliubandika kwa sababu mikono lazima ifanye kitu.

Wanaume wakaitwa, wakafunga machela ya miti na kamba za migomba, wakambeba kuelekea kwenye hospitali ya misheni, mwendo wa siku nzima. Wanne wanabeba, wanne wanafuata wakipokezana. Mimi nilitembea nyuma na kibuyu cha maji. Kwenye mlima wa kwanza waliimba, wa pili hawakuimba. Walipotua kupumzika, alifungua macho, akanitafuta, akanitazama usoni mbele ya watu wote.

"Wewe," akasema. "Maji."

Hakumtaja mbuzi. Nikamshika kichwa, nikamnywesha. Akakunja uso. "Haya ni matamu," akasema, kama mtu anayelalamika. Hatukufika. Alikata roho mteremkoni, tukiliona bonde la upande wa pili, na wale wanaume wakageuza machela bila kuambiwa.

Sasa sikilizeni jinsi mambo yalivyokwenda msibani.

Ndugu zake waliuliza, amekufa kwa nini? Mama mkwe alikuwa ameuosha mguu, ameufunga kwa shuka safi, na wabebaji hawakuona zaidi ya blanketi. Harufu waliisikia, lakini maiti hunuka. Alikaa kati ya wanawake, macho makavu, akasema, "Ni homa." Akarudia, "Homa ya siku tano."

Nilimtazama. Akanitazama. Nikaelewa kwamba analinda benchi la mbele, na kwamba kwa kulilinda hana njia nyingine.

Shemeji mmoja akauliza, "Homa ya siku tano, na alikuwa anakunywa nini?"

Jirani, yule rafiki, akajibu bila ubaya wowote, kwa machozi, "Mkamwana alimnywesha mubilizi. Marehemu mwenyewe alinitania hivyo."

"Aliyeuonja nani?"

"Niliuonja mimi," nikasema.

"Mbele yake?"

Niseme nini? Nilionja mbele ya mbuzi?

"Uliuonja mbele ya nani, msichana?"

Mama mkwe alikuwa hatua tatu kutoka kwangu. Angesema neno moja, mguu, na yote yangeisha. Alishika kitambaa chake, akakikunja, akakikunjua. Hakusema. Simlaumu leo. Siku ile nilimlaumu sana. Yeye alishindwa kufungua mdomo kama mimi nilivyoshindwa kupita matete, na sote tulikuwa na sababu nzuri.

Mume wangu alirudi kutoka Kyerwa siku ya nane. Hakunipiga, hakunitukana. Alisema, "Sisemi ulimuua. Lakini sitaweza kula chakula chako." Akanisindikiza mpaka njia ya Kiruruma, akanirudishia jembe langu nililokuja nalo, akageuka. Sikumwona tena ila siku moja mnadani, tukapishana.

Niliporudi nyumbani neno lilikuwa limenitangulia. Wagonjwa waliokuwa wanakuja kwa bibi walipoambiwa nimechuma mimi, walirudisha kibuyu. Bibi aliniuliza swali moja tu: "Ulimtazama?" Nikasema, "Hapana." Akaacha kunifundisha siku hiyo. Hakunifukuza, alinipa chakula na mahali pa kulala, lakini asubuhi akienda msituni alikwenda peke yake. Hiyo iliniuma kuliko talaka.

Basi nikalima. Nililima vibanja vya watu kwa chakula, kisha kwa miche ya kahawa, kisha kwa kipande cha ardhi yenye mawe ambacho hakuna aliyekitaka. Nikachomeka mibilizi pande zote nne, wala sikumwomba mtu ruhusa. Nikaolewa tena nikiwa na miaka ishirini na minne, na mgane, mfugaji asiyekuwa na baba wala mama hai. Nilichagua hivyo kwa makusudi. Tukazaa sita. Watoto wangu walipooa niliwaambia wakamwana wangu siku ya kwanza kabla hawajatua mizigo: hapa mtu akiumwa anafunuliwa, awe nani. Mume wangu alipougua mwaka wake wa mwisho, mkamwana wangu mdogo ndiye aliyemwogesha. Majirani walisema. Waliposema, nilikaa mlangoni nikasema zaidi yao, nao wakanisikia.

Mubilizi bado nautumia. Nakunywa mwenyewe tumbo likinisumbua, na wajukuu wanaupigia mswaki. Mtu mwingine akiniomba dawa namwonyesha mpaka ulipo, achume kwa mkono wake. Homa ikizidi siku moja, hospitali.

Nimeandika haya kwa sababu mama mkwe alikufa zamani, mume yule alikufa, jirani alikufa, na kanisa lile lilijengwa upya kwa tofali. Hakuna atakayeaibika ila mimi. Kwa miaka yote hiyo kuna watu wa Nyaishozi wanaoamini nilimpa mzee sumu. Sikumpa sumu. Nilimpa dawa ya homa, na yeye alikuwa na mguu.

Leo, kutoka jembe lile moja nililorudishiwa, nina ekari tano za migomba na kahawa, ekari mbili za maharage, nyumba ya tofali ya vyumba vinne na bati lisilovuja, tangi la maji, ng'ombe sita na ndama wawili, vitanda vitano na magodoro yake, cherehani moja inayofanya kazi na moja isiyofanya kazi, baiskeli, majembe manane, mashoka mawili, miti ya mikaratusi mia moja na kumi upande wa juu, na redio ambayo betri zake ziliisha Jumatatu.